Homa Niliyomficha Mwalimu

Asubuhi ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, miaka michache kabla ya Uhuru, huku kwetu milimani karibu na Igowole, ambako mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka mlangoni na mtu huona pumzi yake mwenyewe anapoongea. Nilikuwa mama kijana wa mtoto mmoja. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na kiburi, na kiburi hicho nilikiita mapenzi.

Habari hii nimekaa nayo muda mrefu. Wengi wa wale niliowahi kuwasimulia wameshatangulia mbele za haki. Lakini juzi nilikuona ukimnywesha mwanao dawa ya homa harakaharaka, ukampapasa shingo, ukamwambia, "Ukifika darasani utachangamka," kisha ukamvalisha sare. Sikutaka kukusema mbele ya mtoto. Leo nasema, na unisikilize mpaka mwisho, maana sipendi kuirudia.

Kwanza ujue mimi nilikuwa nani. Baba yangu alinitoa shule nikiwa darasa la pili ili nilee wadogo zangu, mama alipoanza kuumwa mgongo. Nilikuwa nimeanza kusoma maneno mafupi. Wenzangu walipita njia ya juu ya nyumba yetu wakienda shule, nami nilisimama uani na mtoto mgongoni nikiwatazama mpaka wanapotelea kwenye miti. Kwa hiyo nilipoolewa, nikampata Lidia, niliapa moyoni kwamba huyu hatakosa shule hata siku moja. Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia: hata siku moja. Hakuna aliyenilazimisha.

Shule yetu ya misheni ilikuwa chumba kimoja kirefu cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, na mwalimu wake alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa Kilolo. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, alisimama mbele ya watu akasoma majina ya watoto ambao hawakukosa shule mwezi mzima. Jina la Lidia halikuwahi kuachwa. Nilikuwa najibana mbele upande wa wanawake nisikie vizuri, na likisomwa nilitazama chini kama mtu mnyenyekevu, huku ndani navimba.

Nisimsingizie Mwalimu. Yeye mwenyewe alitutangazia kwamba mtoto mwenye homa abaki nyumbani, mzazi alete habari tu, na mtoto huyo hataadhibiwa. Nilimsikia vizuri. Ila nilijua pia kwamba jina la aliyebaki nyumbani halitasomwa.

Tuliishi kiwanja kimoja na mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akilala kambini, akirudi Jumamosi. Basi nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Lidia wa miaka minane, na bibi yake. Mama mkwe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Akikuambia jambo mara moja, hakukuambia tena.

Jumatatu hiyo Lidia aliamka na mafua, macho mekundu, uso umemvimba kidogo. Nilipofungua mlango alijifunika uso kwa mikono.

"Mama, mwanga unanichoma."

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Aliweka mwiko chini, akaja kumgusa mtoto paji la uso, kisha tumbo.

"Huyu ana homa," alisema. "Mlaze leo."

"Ni moshi, Mama. Jana jioni tulikoka moto wa kuni mbichi."

"Moshi hauchemshi mwili, Mama Lidia."

"Akizoea kulala kila akipiga chafya, ataishia kuwa kama mimi."

Alinitazama. "Kwani wewe una ubaya gani?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nilimchukua Lidia nyuma ya nyumba nikamwogesha kwa maji ya baridi, baridi ile ya mwezi wa saba, ili mwili upoe. Alitetemeka lakini hakulia. Nikampaka mafuta usoni mpaka uso ukang'aa kama wa mtoto mzima wa afya. Hebu fikiria, mwanangu. Kama kweli niliamini ni moshi, nilikuwa nampoza nini? Mikono yangu ilijua. Ni mdomo tu uliokuwa unakataa.

Yuditi alikuwa ameshafika kumpitia. Yuditi alikuwa mtoto wa rafiki yangu Sofia, aliyekaa nyumba ya chini yetu, ng'ambo ya kijito. Na yeye alikuwa wa pekee kwao. Baba yake alikuwa kibarua wa barabara upande wa Mbeya, anakuja nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo Sofia na mtoto wake walikuwa wawili tu siku zote, wanalima pamoja, wanateka maji pamoja, wanacheka pamoja kama dada. Yuditi alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alimpenda Lidia kuliko watoto wote. Darasani walikaa benchi moja. Njiani, kukiwa na rasharasha, walijifunika shuka moja vichwa vyote viwili. Asubuhi ile niliwatazama wakipanda mlima chini ya shuka hiyo, na nikasikia Lidia akikohoa.

Alirudi mchana akalala bila kula. Jumanne hali ilikuwa mbaya zaidi. Uji aliugusa tu. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi; alishasema jana. Na mimi ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka huacha ninachofanya, nikakaa. Nilichuchumaa mbele ya mwanangu nikamshika mabega.

"Mwalimu akikuuliza macho yamefanya nini, mwambie ni moshi wa jikoni."

"Ni moshi, Mama?"

"Mwambie ni moshi."

Akaenda. Mwalimu alimuuliza kweli, naye akajibu kama nilivyomfundisha. Mwalimu akamwamini, kwa sababu Lidia hakuwa mtoto wa kusema uongo. Akaketi siku nzima na Yuditi, wakisoma kitabu kimoja.

Jumatano alfajiri vipele vilikuwa vimetoka nyuma ya masikio na kwenye paji la uso. Ilikuwa surua. Hapo nikaogopa, na hofu ikanifanya mama mwema ghafla. Nilimlaza pasipo na mwanga, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, nikatuma habari kwa Mwalimu. Dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati ya misheni, alikuja kumwona, akauliza homa ilianza lini. Nikamwambia, "Leo asubuhi." Alinishangaa kidogo, akasema kwa kawaida vipele hutanguliwa na siku kadhaa za homa na mafua. Nikamjibu kwamba mimi sikuona. Mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo, akimkanda mtoto miguu. Hakuinua uso.

Lidia aliumwa karibu wiki mbili. Akakonda, akabanduka ngozi, kisha siku moja akaomba kiazi cha kuchoma, tukajua amepona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa bado sijaelewa.

Kabla Lidia hajaacha kitanda, Sofia alikuja mbio akiwa na matope mpaka magotini.

"Mama Lidia, Yuditi ana vipele. Wewe umeshapita huku, njoo unionyeshe."

Nikaenda. Nilimwonyesha namna ya kumpoza mtoto na namna ya kumnywesha. Mama mkwe naye alikwenda kila siku na kibuyu chake cha uji wa ulezi, akakaa naye kutwa ili Sofia apate kulala kidogo. Watoto wengine wa darasa lile nao walikuwa wameshaanza kuugua, na wote walikuwa wakipona mmoja mmoja. Tulidhani Yuditi naye atapona. Lakini siku ya tano surua ilimshukia kifuani. Alikuwa akivuta pumzi kwa tabu, mbavu zikiingia ndani. Wanaume wanne wakambeba kwenye machela ya mianzi mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili, ukungu ukiwa mzito hata hatukuona wanaotutangulia. Sofia alitembea kando ya machela akiwa ameshika mguu wa mtoto. Hakuuachia njia nzima.

Dresa alifanya alichoweza. Alikuwa mtu mwangalifu, nilimwona jinsi alivyohangaika. Siku ya pili, saa nane mchana, Yuditi alimwomba mama yake amgeuze upande wa ukutani. Sofia akamgeuza. Tulipomwangalia tena, alikuwa ameondoka.

Tulimzika kesho yake. Habari ilipelekwa Mbeya kwa dereva wa lori la mbao, na baba yake akafika siku nne baada ya maziko, akiwa na kiroba begani. Ndani yake alikuwa amembebea mtoto viatu vya raba. Labda habari haikumfikia vizuri, labda aliambiwa mtoto mgonjwa tu. Sikuuliza. Nilimwona amekaa kwenye kizingiti na vile viatu mapajani, nikarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Sasa sikiliza, maana kilichofuata ni kibaya kuliko kifo chenyewe, na hicho kukizuia kulikuwa mikononi mwangu.

Watu walianza kusema. Walisema surua ya kawaida haimuui mtoto mkubwa kama Yuditi. Walisema angalia, watoto wawili, benchi moja, ugonjwa mmoja, mmoja anapona na mwingine anakufa. Na ni nani aliyekuwa akiingia kwa Yuditi kila siku na kibuyu cha uji? Huko kisimani wakamaliza hesabu yao: bibi mjane amemkomboa mjukuu wake kwa mtoto wa jirani. Maneno hayo yalitembea. Mama mkwe akienda kuteka maji, wanawake waliinua mitungi yao ikiwa nusu, wakaondoka. Kanisani benchi alilokaa likabaki na nafasi kulia na kushoto. Na Sofia, ambaye alikuwa akimwita Mama, siku moja walikutana njiani. Mama mkwe akamsalimu, "Kamwene." Sofia akapita kimya.

Nilikuwa nyuma ya mama mkwe. Niliona yote. Neno moja langu lingetosha kuwaeleza watu ugonjwa ulitoka wapi na ulipelekwa na nani. Sikulisema. Nilijiambia watasahau. Nilijiambia nikisema, Sofia atakufa kwa uchungu mara ya pili. Uoga una maneno mengi mazuri, mwanangu.

Wiki tatu zikapita hivyo. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, mimi na mama mkwe. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini husemi? Wewe unajua mtoto alikwenda shule na homa siku mbili. Waambie."

Aliendelea kuchambua.

"Nikisema mimi," alisema, "watu watasema kizee kinajitetea kwa kumchongea mkwe wake. Na wewe utapata pa kujificha, utakataa kama ulivyomkatalia dresa. Mimi nimeshazeeka, Mama Lidia. Watu kuniogopa kisimani hakunipunguzii siku. Nilikuwa nangoja wewe ukue."

Hakupandisha sauti. Alimwaga maharage kwenye chungu, akaingia ndani. Nimewahi kutukanwa na kupigwa katika maisha yangu, lakini hakuna kilichoniingia kama hilo neno. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mume na mtoto, na yule mama alikuwa ananisubiri nikue.

Hata hivyo sikwenda. Nakwambia kweli yote ili usinifanye mtakatifu. Kesho yake niliamka nikaenda kulima kama kawaida. Aliyenisukuma ni Lidia. Alikuwa amesikia watoto wenzake wakimwimbia bibi yake jina baya. Alinifuata shambani, akasimama mbali kidogo na mimi.

"Mama, siyo Bibi," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia Mwalimu ni moshi. Niende nikamwambie Mama Yuditi?"

Mtoto wa miaka minane. Alikuwa ameubeba mzigo huo peke yake tangu maziko, akilala nao, akiamka nao, na alikuwa tayari kwenda kuutua mbele ya mama wa marehemu kwa sababu mimi mtu mzima nimekataa. Nilitupa jembe. Nikamshika nikamwambia, "Siyo wewe. Umesikia? Wewe ulisema nilichokuambia mimi. Kaa hapa unisubiri." Nikashuka, nikavuka kijito nikiwa na udongo mikononi.

Sofia alikuwa anapalilia njegere. Nilisimama mwisho wa tuta.

"Mama Yuditi, nina neno."

"Sema."

"Lidia alianza homa Jumatatu. Nilimwogesha maji ya baridi nikampeleka shule. Jumanne nikampeleka tena, nikamfundisha kumdanganya Mwalimu. Alikaa na Yuditi siku zote mbili. Mama mkwe alinikataza. Yeye hana lolote, ni mimi."

Hakuacha kupalilia. Alimaliza shina moja, akaenda la pili. Kisha akauliza, bado ameinama, "Ulijua ni surua?"

"Sikujua ni surua."

"Lakini homa ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja anipige, na ningefurahi. Hakunipiga. Alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, "Mimi ningemweka hata mwezi mzima nyumbani. Ungenitumia mtu tu, ukasema, Mama Yuditi, wangu ana homa, wako asikae naye. Ningemweka." Akainuka, akaegemeza jembe kwenye mti, akapita mbele yangu akapanda kwetu. Nilimfuata kwa mbali. Alimkuta mama mkwe uani, akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu. Mama mkwe akamwinua. Walilia pamoja wale wawili, na mimi nilisimama nje ya uzio, sikuwa na haki ya kuingia.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa nikasema mbele ya kanisa. Watu wakarudi kwa mama mkwe, mmoja mmoja, kwa aibu. Kisima kikawa kisima tena. Sofia hakunisema vibaya popote. Ila hakuja kwangu tena. Mwaka haukuisha, akamfuata mumewe Mbeya.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikwenda Mbeya kumwuguza kaka yangu, nikamkuta Sofia sokoni anauza ndizi, amenenepa kidogo, ana mtoto wa kiume mgongoni. Tulisalimiana. Akaniuliza Lidia yupo darasa la ngapi. Nikamwambia ameingia la tano, shule ya kati. Akaitikia kwa kichwa, akapanga ndizi zake, akasema, "Yuditi alikuwa anajua hesabu kuliko yeye." Nikasema, "Ndiyo, alikuwa anajua." Ilikuwa kweli. Akanifungia ndizi kwenye jani, akanipa, akamgeukia mteja mwingine. Nilitembea mpaka kwa kaka yangu nikiwa nimezishika, sikuweza kuzila, nikawagawia watoto wake.

Ndiyo hayo, mwanangu. Siku hizi mna chanjo ya surua, na namshukuru Mungu kila ninapowaona kina mama wamejipanga kliniki. Lakini homa hazijaisha, na mama mwenye haraka asubuhi hajaisha pia.

Kwa hiyo nakwambia ninavyojua. Mtoto mwenye mafua mepesi, anayekula, anayecheza na kubishana na wenzake, mwache aende shule, usimfundishe udhaifu. Lakini mwili ukichemka, abaki. Akitapika au akiharisha, abaki. Akikohoa mpaka hapati pumzi, akitoka vipele usivyovijua, macho yakiwa mekundu na mwanga unamuumiza, abaki, na umpeleke kituo cha afya, usikae kungoja jirani akuambie. Dawa ikishusha homa usidhani imeuondoa ugonjwa. Imemvika uso wa afya tu, kama mimi na mafuta yangu. Ngoja apitishe siku nzima hana homa bila dawa, ndipo umrudishe. Mtumie mwalimu habari, na umwambie ukweli ugonjwa ulianza lini. Mganga akikuuliza, mwambie hivyo hivyo, hata kama utaonekana mzembe. Na mtoto akikuambia anaumwa, mtazame vizuri kabla hujamjibu. Kuna siku atakuwa anakwepa hesabu, hilo lipo. Afadhali akudanganye yeye mara kumi kuliko wewe kumfundisha kudanganya mara moja.

Zaidi ya yote, ukisimama mlangoni asubuhi unapima, usimpime mtoto wako peke yake. Mfikirie na yule atakayekaa naye. Huyo naye ana mama, na mama yake hayupo hapo mlangoni kumsemea. Wewe ndiye unayemwamulia. Somo lililopotea Lidia alilipata alipopona, kwenye kitabu cha mwenzake. Nilipompeleka akiwa mgonjwa sikumwongezea hata herufi moja.

Na ukikosea, kwa maana utakosea, usingoje wiki tatu. Nenda siku hiyohiyo, na udongo mikononi.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto kabla hajalia, akupe na moyo wa kukubali kuambiwa. Awakuze watoto wako wakuzike wewe, wala usiwazike wao. Na wale watoto wa wenzako, ambao majina yao hutayajua kamwe, warudi kwao kila jioni wakiwa wazima. Amina.